Nishani Shingoni mwa Mtani

Sehemu ya Saba

Mkono wa Bi Mwanamkuu ulikuwa mwepesi kuliko mkono wa Serikali. Kabla Bwana Afisa Elimu hajamaliza kuukunjua utepe, nishani ilikuwa imeshapokonywa, imeshavaliwa, na imeshatulia juu ya kanga ya bibi yule.

Juma zima watu wamenisimamisha njiani kuniuliza kama alikamatwa. Hakukamatwa. Askari alimtazama Afisa Elimu, Afisa Elimu akamtazama Padre, na Padre akatazama dari.

Kwa yule anayesoma gazeti la kuazima, habari ni hii. Mwalimu Damas Luhende wa Chuo cha Ualimu cha Itetemia amechaguliwa kuwa mwalimu bora wa hesabu katika vyuo vyote vya Jimbo la Magharibi. Nishani yake ya shaba imeletwa kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam. Atakayeivaa atakuwa pia mkuu wa somo la hesabu chuoni, cheo ambacho Mwafrika hajapata kukishika, na atahamia nyumba ya matofali. Bi Mwanamkuu ni mshonaji wa Kanyenye, naye ndiye aliyeushona utepe. Ni Mzaramo. Babu yake alifika Tabora na misafara ya zamani, akachoka, akabaki.

Damas ni Mnyamwezi. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara hiyo, na mtani ana ruhusa ya kukunyang'anya tonge mdomoni na kukutukana mbele ya wakwe zako. Wewe huna ruhusa ya kununa. Ukumbi mzima ulilijua hilo, isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa ameshika hotuba.

"Shaba hii mnampa nani?" Bi Mwanamkuu aliuuliza ukumbi. "Huyu mtumwa wangu? Babu yake alibeba pembe mpaka kwetu pwani, akapewa shanga kiganja kimoja azihesabu. Yuko kaburini bado anahesabu."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Na huyu ndiyo kabisa, moja na moja hajui. Hesabu zake zote anafanyiwa na mkewe. Mpeni mkewe nishani, huyu mpeni jembe."

Kicheko kikazidi. Mama mmoja wa Kimoravian alicheka mpaka jirani zake wakamshika mikono asianguke kitini.

Watu wawili hawakucheka. Wa kwanza alikuwa Bwana Pemberton, Afisa Elimu. Huyu alijifunza Kiswahili kwa ajili ya mtihani, akaufaulu vizuri sana, na kitabu alichosomea hakikuwa na sura ya utani.

Wa pili alikuwa Damas Luhende mwenyewe.

Alijaribu, maskini. Alivuta midomo pande zote mbili, akaonyesha meno. Lakini kicheko hakikuja, kwa sababu katika maneno yote aliyotupiwa na watani wake tangu azaliwe, hili lilikuwa la kwanza kuwa kweli.

"Mama huyu ametoa shutuma," Bwana Pemberton alisema, akiyatamka maneno moja moja. "Shutuma iliyotolewa hadharani sharti ichunguzwe."

Padre Hendriks, mkuu wa chuo, akamwinamia sikioni. "Bwana, huo ni mzaha wa watu wa hapa."

"Basi atasema hivyo kwa kiapo. Jumatatu asubuhi, ofisini kwako. Mwalimu Luhende ataapa kuwa si kweli, nami nitamvika nishani hapo hapo. Haitachukua muda."

"Na nishani, Bwana?" askari akauliza.

"Aivue."

"Siivui," alisema Bi Mwanamkuu. "Anayeitaka aje aikomboe kwa kuku."

Padre akaeleza kuwa hiyo nayo ni desturi. Bwana Pemberton akaandika jambo kwenye karatasi yake, na Bi Mwanamkuu akaondoka na shaba ya Serikali kwenda Kanyenye, akipokea salamu njia nzima.

Sasa tumfuate Damas nyumbani kwake, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Mkewe hakuwapo ukumbini. Binti yao Flavia alikuwa na surua, na mama mtu alikuwa amekaa naye kutwa. Damas alimkuta mkekani, mtoto amelala kando, na mbele yake karanga zimepangwa mafungu mafungu. Ilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi alasiri karanga, au kunde, au vipande vya mkaa, vilipangwa hivyo mkekani hapo.

Msomaji, huyu Josepha binti Masolwa zamani alikuwa mwalimu wa hesabu chuo hicho hicho, darasa la wasichana, chumba cha pili. Damas alifundisha chumba cha kwanza. Alianza kumpenda kwa kumsikiliza kupitia ukutani. Mara nyingine aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika ili chumba kinyamaze, apate kusikia vizuri namna yule binti anavyowatoa wanafunzi gizani bila kuwapigia kelele.

Lakini kwa kanuni ya chuo, kama wote walivyoielewa, mwalimu wa kike akiolewa, kazi imekoma. Padre Hendriks aliwafungisha ndoa asubuhi, na jioni ya siku hiyo akampelekea bibi harusi barua ya kumshukuru kwa utumishi wake.

Josepha hakulia. Jumamosi iliyofuata alimkalisha mumewe mkekani akamwonyesha namna ya kufundisha masomo ya juma linalokuja. Akaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka. Lile somo la sega, lililomletea Damas nishani, lilizaliwa mkekani hapo.

Somo lenyewe ni hili. Kila mwaka wanachuo walikwama mahali pamoja: kwa nini nusu ukiigawanya kwa robo unapata mbili. Unagawanya, jibu linanenepa. Wengine walidhani ni ujanja wa Wazungu. Josepha, ambaye baba yake ni mrina asali wa Ipole, alichukua nusu ya sega la asali akamwambia mumewe: "Waulize, humu mna vipande vingapi vya robo? Wasikokotoe. Wakate, wahesabu." Damas akalipeleka sega darasani siku ambayo Bwana Pemberton alikuja kukagua. Wanachuo walikata, wakahesabu, wakaelewa, kisha wakalila jibu. Bwana Pemberton naye alilamba vidole, akauliza mbinu hii imetoka wapi.

"Nimeibuni mwenyewe, Bwana," Damas alisema.

Lilimtoka tu. Lakini lilipotoka hakulirudisha, na nyumbani hakulisema.

"Nishani iko wapi, Baba Flavia?" Josepha aliuliza sasa.

"Mtani kaichukua. Bi Mwanamkuu."

Josepha akacheka. "Kasema nini yule bibi?"

Damas akampa habari ya shanga, yote. Habari ya mke akaiacha.

"Na nini tena?"

"Basi."

"Baba Flavia."

Akamwambia. Kicheko cha Josepha kikaisha taratibu, kama maji yanapoisha kwenye mtungi.

"Jumatatu nitaapa si kweli, yaishe," Damas alisema haraka. "Tutahamia nyumba ya matofali. Flavia atalala pasipovuja. Ni neno moja tu, Mama Flavia."

"Haya."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika. Nauliza. Siku ile ya sega, mkaguzi hakukuuliza limetoka wapi?"

Damas akalitazama fungu la karanga lililokuwa karibu naye.

"Aliuliza."

"Ukasema?"

"Nikasema nimelibuni mimi."

Josepha akaokota karanga moja, akaimenya, akaila. Alikuwa anaitafuna kwa utulivu mno. "Ukiapa Jumatatu," alisema, "mimi Jumamosi zote hizi nitakuwa nilikuwa nafanya nini hapa mkekani?"

Damas aliona aibu. Aliiona masikioni na shingoni, ikichoma.

"Hodi kwa watumwa wangu!"

Bi Mwanamkuu huyo mlangoni, na nishani shingoni.

"Karibu, Bibi. Shikamoo," Josepha alisema.

"Marahaba. Sikai. Nimefuata kuku wangu. Mtani wangu leo kanuna mbele za watu, nami nimeona kwa macho haya. Mtani akinuna hulipa."

Kisha akayaona mafungu ya karanga. Akaona karatasi kando ya kila fungu, zenye mwandiko wa Josepha. Akamwona Damas ameshika penseli, maana kwa mazoea ya Jumamosi alikuwa ameishika bila kujijua.

"Mnafanya nini?"

"Masomo ya Jumatatu," Josepha alisema. "Namwonyesha."

Bi Mwanamkuu alimtazama Josepha, akamtazama Damas, akatazama karanga. Kisha akakaa, yeye aliyesema hakai.

"Mungu wangu," alisema. "Nimesema kweli."

Flavia akajigeuza usingizini.

"Mtu hutaniwa kwa uongo," bibi aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Damas alikuwa hajapata kumsikia akiongea bila kutania, hakujua hata kama anaweza. "Uongo mkubwa, kila mtu auone. Ukimtania mtu kwa kweli hujamtania, umemsema. Mama yangu hakufanya kosa hili, wala mama yake. Nimelifanya mimi, ukumbini, mbele ya Mzungu."

"Hukujua, Bibi," Damas alisema.

"Kutojua hakumrudishii mtu hadhi yake." Akainuka. "Kuku sikudai tena. Unanidai wewe. Jumatatu nitamleta, na nitawaambia mimi ni mwongo tangu nizaliwe. Wewe sema neno lako moja, uvae shaba yako."

Akaondoka. Josepha akapika ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, wakala. Hawakuzungumza habari ile tena. Ila Jumapili baada ya misa Damas alimwona mkewe akitia makaa kwenye pasi, akinyoosha gauni jeupe ambalo alikuwa hajalivaa tangu aache kazi. Hakumuuliza, aliogopa.

Jumatatu ikafika.

Ofisini kwa Padre palikuwa na Padre Hendriks, Bwana Pemberton, askari mlangoni, Damas katika koti lake la Pasaka, na Bi Mwanamkuu na nishani shingoni na kuku kwapani. Josepha aliachwa nje barazani. Hakuitwa na mtu, alikuja mwenyewe, na Flavia kamwacha kwa jirani.

"Kuku huyu ni wa nini?" Bwana Pemberton aliuliza.

"Fidia," alisema Bi Mwanamkuu.

"Fidia ya nini?"

"Ni mambo ya utani, Bwana," Padre alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka mapema.

Bwana Pemberton akaandika: kuku.

"Mama, ulisema mwalimu huyu hufanyiwa hesabu na mkewe. Una ushahidi gani?"

"Sina. Mimi ni mwongo. Uliza Kanyenye yote. Sijapata kusema neno la kweli maishani."

"Hilo nalo ni neno la kweli?"

"Hilo nalo ni uongo, Bwana."

Bwana Pemberton aliweka kalamu chini. Alipokuwa kijana kwao alisoma mantiki, na jambo hili lilimkera kuliko kuku. "Utaapa?"

"Siwezi kushika Msahafu na kuku kwapani. Chukua neno langu hivi hivi."

Padre akamsihi Afisa Elimu alichukue hivyo hivyo. Akalichukua. Kisha Biblia ikasogezwa, na Damas akaweka mkono juu yake.

"Mwalimu Luhende. Je, ni kweli kwamba masomo yako hutungwa na mkeo? Sema si kweli, tumalize."

Padre akatikisa kichwa kumtia moyo. Bi Mwanamkuu akatikisa kichwa. Hata askari, ambaye alikuwa na njaa, alitikisa kichwa.

Damas alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima. Kupitia dirishani aliliona gauni jeupe, nusu yake tu, na mkono wa mkewe umeshika nguzo ya baraza.

"Ni kweli," alisema.

Kuku akapiga kelele. Bi Mwanamkuu alikuwa amembana.

"Rudia, tafadhali."

"Ni kweli, Bwana. Somo la sega ni la mke wangu. Na mengine yote unayonisifia. Nilikwambia nimelibuni mimi, nikasema uongo."

Alidhani atasikia wepesi moyoni, kama watokao kuungama. Alisikia hofu tu.

"Mwehu huyu," Bi Mwanamkuu alisema, na siku hiyo haukuwa utani.

Bwana Pemberton akafunika kalamu yake. "Basi nishani itarudi Dar es Salaam. Nawe, Mwalimu, huna cheo, na kuanzia leo umesimamishwa kazi hadi nitakapoamua. Padre, mwite huyo mke."

Josepha alibisha hodi, akaingia. Alisalimu kila mtu, Bi Mwanamkuu kwanza.

"Bibi Luhende, mumeo anasema somo la sega ni lako."

"Ni langu, Bwana."

"Ni somo bora kuliko yote niliyoyaona katika nchi hii. Nakupongeza kwa dhati. Kwa bahati mbaya nishani ni ya walimu wa chuo, nawe si mwalimu."

"Kwa nini si mwalimu?"

Bwana Pemberton akamgeukia Padre.

"Kanuni unaijua, binti yangu," Padre Hendriks alisema. "Mwalimu wa kike hawezi kuwa mke akaaye na mumewe. Sikuitunga mimi."

"Wala haibadiliki?"

"Haibadiliki."

"Haya," Josepha alisema.

Ilikuwa ile haya ya Jumamosi. Damas aliitambua.

Josepha akashika pete yake ya ndoa. Haikutoka upesi, maana kidole kilikuwa kimenenepa tangu siku ya harusi. Akaizungusha, akaivuta, akaizungusha tena, na watu watano wakangoja pamoja na kuku. Ilipotoka akaiweka juu ya Biblia.

"Padre, kwa siku moja ulinifungisha ndoa ukanifungia na kazi. Leo fungua kimoja. Kipi, chagua wewe. Mimi nataka darasa langu."

Bwana Pemberton akatazama viatu vyake. Bi Mwanamkuu, bila kuombwa na bila kukombolewa, aliivua nishani akaiweka kando ya pete, kisha akarudi kukaa.

"Josepha," Damas alisema.

Hakugeuka. Alikuwa anamtazama Padre.

"Ndoa siwezi kuifungua," Padre Hendriks alisema. "Hakuna awezaye." Akanyoosha mkono, akaiokota pete, akaitia mfukoni mwa kanzu yake. "Lakini kanuni inasema mke akaaye na mumewe. Ndivyo ilivyoandikwa. Bwana Afisa Elimu, nasoma vibaya?"

"Husomi vibaya," Bwana Pemberton alisema polepole.

"Basi chumba cha pili, ambacho Mwalimu alikishika pamoja na chake tangu uolewe, hakina mwalimu tangu saa mbili." Akamkabidhi Josepha ufunguo. Kisha akamgeukia Damas, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetangaza saa ya misa. "Nyumba yako, Mwalimu, sasa ni ya mkeo na mtoto. Chukua godoro. Kuanzia leo utalala nyumba ya makapera."

Damas alimtazama mkewe, akitaraji atakataa. Josepha alikuwa anahesabu chaki zilizokuwa kwenye kopo la Padre. Alichukua mbili, akatoka, na Bwana Pemberton akamfuata na karatasi zake.

Nyumba ya makapera ni chumba kimoja chenye kitanda cha kamba, na ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa chumba cha pili. Damas alikaa kitandani. Bi Mwanamkuu alikuwa amemwachia kuku mlangoni, deni limelipwa, na kuku yule akaingia ndani kana kwamba amepangishwa.

Kisha akamsikia. Sauti ile ile, kupitia ukutani, haikupandishwa wala haikukimbizwa. "Katika nusu hii, mna robo ngapi? Usikokotoe. Kata, uhesabu." Damas alilaza kichwa ukutani, akafumba macho, na alikuwa na furaha. Naisema kama ilivyokuwa, msomaji: amepoteza nishani, cheo na kitanda chake, na alikuwa na furaha.

Wanachuo wakahesabu. Wakacheka. Viti vikasukumwa, na sauti ya Bwana Pemberton ikasikika. "Vizuri sana. Vizuri mno. Nitaandika Dar es Salaam leo hii kwamba nishani haitarudi, imempata mwenyewe. Jina kamili ni Bibi Josepha Luhende, sivyo?"

Chaki ikagonga ubao.

"Hapana, Bwana," mkewe alisema ng'ambo ya ukuta. "Andika Josepha binti Masolwa."